Kwa Baba, Kuhusu Ndugu Yako Tluway

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo, mdomo unakataa. Katika mwaka wako wa mwisho nilikuwa nakuamkia kutoka dirishani, haraka haraka, na marahaba yako sikuisubiri. Pokea hii, pamoja na zile zote nilizokuamkia vibaya.

Niko Bagara, kwenye cherehani yangu, mchana. Elia amekaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu anapanga vifungo kwa rangi. Vidole vimeanza kumtetemeka, kwa hiyo vifungo vinamponyoka na anavifuata kwa kiwiko. Namwacha avifuate mwenyewe kwa sababu nikimsaidia anakasirika. Ulikuwa unasema hasira zile kazirithi kwangu, na mimi nilikuwa nakataa, kwa hasira.

Kuna jambo nimelijua ambalo nilipaswa kulijua ukiwa hai. Nitakueleza taratibu, kwa mpangilio, kama ulivyokuwa unataka nikueleze habari za shule. Lakini kwanza niache nikumbuke kidogo, maana kwa muda mrefu nilijikataza kukukumbuka kwa uzuri.

Nakumbuka nikiwa darasa la tatu, mwaka uliofuata kifo cha mama, ulinifundisha kuongoza maksai kule shambani Singe. Wasichana wenzangu walikuwa wanacheza rede, mimi niko mbele ya ng'ombe wawili wenye vichwa vikubwa kuliko mimi, nimeshika kamba, na wewe nyuma umeshika plau. Mistari yangu ilipinda vibaya sana. Jirani alisimama mpakani akacheka. Ukamjibu kwamba shamba lenyewe limepinda, na binti yako anafuata shamba. Mbaazi zikaota zimepinda, tukazivuna zimepinda, na hukuwahi kuniambia kwamba nilikosea. Kosa langu nilikuja kulitambua nikiwa nimeshaolewa, siku niliposimama kwenye shamba la watu wengine nikaona mistari iliyonyooka.

Nakumbuka pia ulivyokuja Elia alipozaliwa. Ulitoka Singe kwa baiskeli, dumu la maziwa limefungwa nyuma kwa mpira, na ulipompakata ulivua kofia kama uko kanisani. Tangu siku hiyo kila Jumamosi ulikuwa hapa. Baba Elia alikuwa ananitania kwamba ameoa watu wawili, mimi na mzee wa maziwa. Elia alianza kutembea kabla hajafikisha mwaka, na wewe ulitangaza habari hiyo Singe nzima mpaka watu wakaanza kukukwepa.

Na wewe ndiye uliyeona kwanza. Alikuwa na miaka mitatu. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda pale uani, unamwangalia anavyokwenda kuchota maji kwa kikombe kwenye ndoo, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu mtoto anatembea kama anaogopa kuamsha mtu." Nilicheka. Kweli alikuwa anatembea kwa vidole, visigino juu, nikadhani ni madaha ya watoto. Jumamosi iliyofuata ulimwangalia tena, kwa muda mrefu zaidi, na safari hiyo sikucheka.

Yaliyofuata unayajua, uliyaona kwa macho yako. Alianza kuanguka. Kisha akaanza kutembea ameshika ukuta, mpaka ukuta wa sebuleni ukawa na mstari mchafu wa kiganja kutoka mlangoni hadi dirishani. Nilimshonea suruali zenye viraka viwili kila goti, kimoja ndani na kimoja nje, maana siku nyingi alikuwa anamalizia safari kwa kutambaa. Tulizunguka hospitali. Mmoja akasema ni minyoo, mwingine akasema ni upungufu wa madini kwenye mifupa, mwingine akauliza kama alipata chanjo zote, akaniangalia kama mwizi. Tulirudi na dawa za maji zenye ladha ya machungwa, Elia akazipenda sana, miguu ikazidi kukaza.

Halafu watu wa Bonga, kwao Baba Elia, wakaanza kuuliza.

Nataka niseme kwa haki kuhusu watu wa Baba Elia. Si watu wabaya. Mama mkwe wangu anaimba kwaya, sauti ya kwanza, na kila Elia alipougua alikuja kunifulia. Lakini ugonjwa usio na jina unawatia watu hofu, na kwao hofu ina utaratibu wake. Wazee wa ukoo wanakaa, wanauliza jambo limetoka upande gani. Upande ukikiri, unaleta kondoo na asali, maneno yanasemwa, na jambo linahesabiwa kuwa limepozwa. Upande ukikana na jambo likaendelea, basi kuna mtu anaficha, na hawawezi kuendelea kukaa na anayeficha. Tulijua maana yake. Maana yake ni mimi kurudi Singe na Elia mgongoni, na Baba Elia kutafutiwa mwingine. Walikuwa wameshaanza kumtaja kwa jina huyo mwingine.

Siku ya kikao ulikuja Bonga umevaa koti la Krismasi. Mimi nilikaa nyuma na wanawake. Wazee wa kwao walisema wametafuta mpaka kwa babu wa babu yao na hawakuona mtoto wa namna hii. Wakakugeukia. Nilikuwa na uhakika utasimama useme kwamba na sisi hatuna, na niliogopa, kwa sababu nilijua jibu hilo litanirudisha nyumbani.

Ulisimama. Ulishika kofia kwa mikono miwili. Ukasema, "Nilikuwa na ndugu yangu, miguu yake ilikuwa hivi hivi. Tulimficha nyumba ya nyuma, akafa, tukanyamaza. Kosa ni la kwetu."

Nyumba nzima ilishusha pumzi. Niliwasikia. Mama mkwe alisema asante Yesu, na hapo hapo akauliza kondoo ataletwa lini. Wazee wakakupa mkono mmoja baada ya mwingine, wakakusifu kwa ukweli wako. Ulileta kondoo na asali wiki ile ile. Habari za huyo mwingine ziliisha, Baba Elia akabaki na mimi, na mpaka leo amebaki.

Lakini mimi, baba, nilisikia kitu kimoja tu. Nilisikia kwamba ulijua. Nilikufuata mpaka barabarani ulipokuwa unafungua baiskeli, nikakuuliza kama kweli ulijua jambo hili liko kwetu, ukaniacha niolewe na nizae bila neno. Ungeweza kunivuta pembeni ukaninong'oneza yale niliyokuja kuyajua baadaye. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hukufanya hivyo, na nafikiri ulinifahamu. Ulijua hasira zangu. Ulijua kwamba siku nitakapogombana na Baba Elia nitamrushia ukweli wote usoni, na kondoo wako atakuwa amekufa bure. Ukaniangalia, ukasema, "Ndiyo, nilijua." Ukapanda baiskeli ukaondoka.

Nikakufungia mlango. Nisitafute neno laini. Uliendelea kuja Jumamosi, nami nilikuwa napokea dumu dirishani, namimina maziwa, nakurudishia dumu tupu. Elia alikuwa anasikia kengele ya baiskeli na anaanza kutambaa kuelekea mlangoni, suruali inakwaruza sakafu, nami namnyanyua namrudisha chumbani. Nilimwambia babu ana haraka. Mara moja alilia mpaka akatapika, na wewe ulikuwa bado uko nje, bila shaka ulisikia. Hukugonga. Hilo nalo nililihesabu kama ushahidi kwamba una hatia.

Kipindi hicho tulipewa barua ya kwenda hospitali kubwa, nje ya mkoa. Kulikuwa na daktari mmoja wa watoto, mwanamke kijana, mpole, ambaye alimvua Elia viatu mwenyewe. Alisema anashuku ugonjwa wa kurithi, na damu yetu sote watatu itapelekwa nchi za mbali kusomwa, na majibu yatachukua muda mrefu. Kisha akachukua penseli akachora ukoo. Wanaume ni visanduku, wanawake ni viduara, wagonjwa wanapakwa weusi. Elia alipakwa. Akauliza kama kuna mwingine, nikamwambia yupo, ndugu yake baba yangu. Akachora kisanduku pembeni yako, akakipaka cheusi chote, akakikata kwa mstari kuonyesha amekufa. Akaniomba nirudi na jina lake na umri aliofariki, kwa sababu kila mtu kwenye mchoro ule alikuwa na thamani kwake.

Ndiyo maana nilikuja kukuona ulipolazwa. Sikuja kwa sababu kifua chako kilikuwa kimezidi, ingawa watu walishaniambia kimezidi. Nilikuja na kalamu. Ulifurahi kuniona, ukajaribu kuketi, ukauliza mtoto anaendeleaje. Nikakwambia moja kwa moja kilichonileta. Nikakuambia daktari anataka jina la yule ndugu yako.

Ulifumba macho, nikadhani umesinzia. Kisha ukaniuliza, "Litamsaidia mtoto?" Nikakujibu kwamba daktari anasema kila jina linasaidia. Ukageuza uso ukatazama ukutani, na ukiwa umegeuka hivyo ukasema, "Andika Tluway." Nikauliza miaka. Ukasema alikuwa mdogo. Nikaandika kwenye kiganja kwa sababu karatasi niliisahau, nikakuaga, nikaondoka. Ulifariki siku ya nne yake. Mazishini watu walisema nilikuwa na nguvu sana, sikulia. Haikuwa nguvu.

Majibu yalikuja mtoto akiwa na miaka minane. Daktari alitaka tuje wote wawili, na Baba Elia aliomba ruhusa kazini.

Niache nikueleze kama alivyotueleza, maana wewe ungeelewa haraka kuliko mimi. Alisema ndani ya kila chembe ya mwili, wao wanaita seli, kuna vifuko vidogo ambavyo kazi yake ni kuyeyusha taka. Vinaitwa lisosomu. Vifuko hivyo havikai mahali pamoja. Vinakokotwa kwenye njia zake mpaka taka ilipo, vinafanya kazi, vinarudi. Seli nyingi ni fupi, safari yenyewe si kitu. Lakini za mishipa ya fahamu inayopeleka nguvu miguuni ni ndefu kuliko zote, na kifuko lazima kiende mwendo wote huo. Kuna jeni moja ambayo kazi yake ni kutengeneza kile kinachokiunganisha kifuko na kinachokikokota. Hapo Baba Elia akauliza kama ni sawa na nira. Daktari akafikiri, akasema ndiyo, ni kama nira. Maksai wapo, mkokoteni upo, njia ipo, nira ndiyo mbovu. Mikokoteni inarundikana nyumbani, na kule mwisho wa njia taka zinajaa mpaka mshipa wenyewe unaanza kufa. Mirefu inatangulia, ndiyo maana ilianza miguu. Mikono inafuata. Baadaye, alisema akitazama meza, huenda ulimi.

Nikamuuliza dawa ni ipi. Akasema wanaolisoma jambo hili wapo, wameshajua nira inavyokatika, lakini kwa sasa hakuna dawa inayoitengeneza. Alitupa mazoezi ya kunyoosha misuli. Nimekaa miaka yote nikitafuta jina la ugonjwa, nikiamini jina likipatikana na dawa itakuwa jirani. Jina lenyewe ni herufi na namba, limeandikwa kwenye karatasi kama namba ya gari. Nimeliweka kwenye kabati. Siku nyingine nalitoa, nalisoma, nalirudisha.

Kisha akatueleza ya urithi. Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya mama na moja ya baba. Mwenye nakala mbovu moja haumwi wala hajui, anaishi anazeeka. Ili mtoto augue lazima apate mbovu mbili. Elia alipata moja kwangu na moja kwa baba yake. Alirudia mara mbili kwa sababu Baba Elia alimwomba arudie. Nusu huku, nusu kule, wala hakuna aliyemkosea mtu.

Halafu akatoa ule mchoro wa penseli, akauliza habari za Tluway. Alisema kisanduku kile kinamsumbua. Ugonjwa wenyewe ni nadra sana, na ingekuwa ajabu kwa mtoto mwingine kuupata kizazi cha juu, ukoo ule ule. Alisema hawezi kusema haiwezekani, lakini alitaka kujua zaidi. Nikamwahidi nitamuuliza shangazi.

Nilikwenda Dareda kwa shangazi, dada yako mkubwa, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika nyie. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilimwamkia, nikakaa, nikampukuchulia kidogo, kisha nikamuuliza Tluway alikufa na miaka mingapi.

Aliacha kupukuchua. "Tluway ni baba yako," akasema. "Mama alimwita hivyo kwa sababu alizaliwa mvua inanyesha. Akabatizwa akaitwa Paulo, na mama alipokufa hakubaki mtu wa kumwita vile."

Nikamwambia hapana, shangazi, yule mwingine, wa miguu, mliyemficha. Akaniangalia kwa huruma, nadhani alifikiri ugonjwa wa mtoto umenipanda kichwani. Akanihesabia kwa vidole vyake vyenye makapi. Mlizaliwa watano. Mlikua watano, wote mkaoa na kuolewa, na wote mlicheza kwenye harusi ya shangazi mpaka mmoja akavunja kigoda. Hapakuwa na nyumba ya nyuma. Mlikuwa na nyumba moja tu, mlilala na mbuzi.

Baba, nililia pale kwenye mahindi kilio ambacho shangazi hakukijua chanzo chake. Alinipiga piga mgongoni akisema pole, pole mama. Sikuweza kumweleza. Ningeanzia wapi? Ningemwambia kwamba mdogo wake alisimama mbele ya ukoo wa watu akajitungia ndugu kilema ili binti yake asirudishwe, na kwamba alipobanwa jina, hakutaka kumzulia mtoto wa mtu yeyote, akatoa lake mwenyewe? Na kwamba mimi nililiandika kiganjani kama bei ya kitambaa, nikaondoka?

Nilirudi nikamwambia Baba Elia. Alikuwa anapasua kuni. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa juu ya gogo. Kisha akasema lazima tuwaambie wazee. Alisema hawezi kuendelea kula kwenye nyumba ambayo mzee wa watu aliilipia kwa aibu isiyokuwa yake. Nilimpenda sana siku ile, niseme tu. Tukapanga twende Bonga Jumapili baada ya ibada.

Mama mkwe alitutangulia. Sijui alisikia kwa nani, nafikiri Baba Elia alimdokezea. Alikuja peke yake Ijumaa mchana, akakataa kiti, akakaa chini kwenye mkeka alipokuwa Elia, akamshika unyayo akawa anausugua. Akaniambia Rehema, wifi yangu mdogo, ameposwa. Watu wa upande wa mume wanakuja wiki mbili zijazo kumalizia maneno. Wakisikia sasa kwamba jambo la miguu lipo Bonga pia, lipo kwenye damu ya nyumba ile, watageuza njia. Alisema, bila kuniangalia, "Mzee wako ameshapumzika, mama. Rehema bado anaishi."

Nilitaka kumfukuza. Maneno yalishafika mdomoni. Lakini alikuwa anamsugua mtoto wangu mguu kwa namna ile ile daktari alivyotufundisha, kumbe alikuwa anatuangalia na kujifunza, nikayameza. Safari ya Jumapili tukaiacha.

Nilimwita Rehema mwenyewe nikamweleza kila kitu, nira na nakala na yote, kwa sababu wewe ulinifunza maana ya kutoambiwa, hata kama haikuwa kweli. Alisikiliza. Akauliza kama na yeye ana nakala mbovu. Nikamwambia sijui, huenda anayo, huenda hana, inawezekana nusu kwa nusu. Nikamwambia daktari anasema hata akiwa nayo, mchumba wake naye lazima awe nayo ndipo watoto waugue, na hilo si jambo la kawaida. Nikamwambia amwambie kijana. Akasema, "Nitamwambia, wifi. Lakini si sasa." Na mimi ambaye nilikufungia mlango kwa jambo hilo hilo, la kutoniambia, nilishindwa kumkemea.

Siku ya wageni tulikwenda Bonga wote. Elia nilimweka kwenye kona ya sebule na mto mgongoni. Nilikuwa nimeamua kunyamaza tu, nisiseme ukweli wala uongo. Mambo yakaenda vizuri, chai ikanywewa, watu wakacheka. Kisha mzee mmoja wa upande wa pili, mstaarabu, akamtazama Elia na miguu yake iliyokaza, akauliza kwa upole kabisa huyu mtoto anaumwa nini, na jambo hili limetoka wapi.

Rehema alishusha kichwa. Nilimwona Baba Elia anafungua mdomo, na nikajua anataka kusema kweli, kwa ajili yako, na nikamtangulia.

"Limetoka kwetu," nikasema. "Baba yangu alilikiri humu humu ndani, likapozwa. Nyumba hii haina neno."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akanipa pole, akasema baba yangu lazima alikuwa mtu mkweli. Maongezi yakaendelea. Rehema ataolewa baada ya mavuno.

Sijui kama nimetenda wema. Wewe ulijua, siku yako? Wewe ulimdanganyia mwanao, na uongo wako haukumuumiza yeyote isipokuwa wewe. Wangu huenda umemfungia kijana wa watu macho, na pengine siku moja kuna mtoto atatembea kwa vidole, na mama yake ataniuliza kama nilijua. Nitamjibu nini? Na wewe nimekuacha pale pale, mzee wa ukoo wenye doa, wakati ningeweza kukutoa kwa sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni.

Nimempelekea daktari habari kwamba akifute kile kisanduku cha pembeni. Amekifuta. Chako amekipaka nusu na kuweka alama ya kuuliza, kwa sababu nakala yangu mbovu niliipata kwako au kwa mama, na nyote hampo kupimwa.

Elia ananiita. Ameegemea upande mmoja mpaka umechoka, anataka ageuzwe. Nikishamgeuza, baada ya muda atataka arudishwe. Neno "babu" bado analitamka vizuri, maneno yenye r yameanza kumsumbua. Ninaweza kumgeuza, ninaweza kumnyoosha miguu asubuhi na jioni, ninaweza kumshonea. Zaidi ya hapo sina ninachoweza, na nimechoka kujifanya ninacho.

Msamaha ningekuomba, lakini najua ingekuwaje. Ningekuja mpaka Singe, ningepiga magoti pale uani, na kabla sijamaliza ungeninyanyua uniambie sikukukosea kitu chochote, kwamba hata hukuona mlango umefungwa. Ungenidanganya tena, baba, na safari hii ningejua.

Lala salama.

Binti yako,
Mama Elia